Tazama Majani ya Karibu na Chungu

Mgeni akiingia sebuleni akakuta ua la kutambaa limezunguka ukuta, kitu cha kwanza atakachosifu ni urefu wake. Atalifuata shina kwa macho kuanzia kwenye rafu, juu ya pazia, kwenye kona, hadi pale ncha inaponing'inia karibu na televisheni, kisha atasema: kumbe limefika mbali hivi! Anayelijua ua hilo hufanya kinyume. Huanzia nchani akarudi taratibu mpaka pale shina linapochomoza udongoni. Akikuta hata huko majani yapo, makubwa, yamepangana kushoto na kulia bila pengo, hapo ndipo humtafuta mwenye nyumba ampe hongera.

Ua ninalolisema ni pothosi, lile lenye majani ya umbo la moyo, kijani kilichochanganyika na michirizi ya manjano au nyeupe. Wauzaji wa miche wa kando ya barabara wengi watakuuzia kwa jina la mmea wa pesa. Wataalamu wa mimea huliita Epipremnum aureum. Katika miji yetu limezoeleka mno: utalikuta saluni, benki, kwenye mapokezi ya zahanati, na katika chupa ya maji kwenye dirisha la jiko. Kwa kuwa limezagaa hivyo, tena ni gumu kufa, wengi huona halina kazi. "Hilo hata ukilisahau linaishi," husema. Ni kweli litaishi. Lakini kati ya ua lililonusurika na ua lililolelewa pana umbali mkubwa, na umbali huo umejaa maarifa, subira na mkono mwepesi. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasifu.

Tuanze na jinsi linavyoota, maana humo ndimo zilimo kanuni zote za kulilea. Shina lake lina vifundo. Kila kifundo hubeba jani moja; kwapani mwa jani hilo limejificha chipukizi lililolala, na upande wa pili pana kinundu cha kahawia ambacho ni mzizi wa hewani unaosubiri kitu cha kushika. Sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo ni pingili. Jani jipya hutoka likiwa limeviringwa, likichomoza kwenye mfereji wa kikonyo cha jani lililolitangulia. Siku chache baadaye hukunjuka, laini na la kijani hafifu, ndipo likakomaa na kung'aa.

Mwanga ukitosha, pingili huwa fupi na majani huwa mapana. Mwanga ukipungua, shina hujinyoosha kuutafuta: pingili hurefuka, majani huwa madogo. Na pingili iliyokomaa haifupiki tena. Jani likidondoka, jingine haliji kukaa mahali pake. Ndiyo maana shina la mita tatu husomeka kama daftari la mkopo dukani: kila siku mbaya imeandikwa mahali pake na haifutiki. Penye pingili ndefu na vijani vidogo, ujue chungu kilihamishiwa kona yenye giza. Penye vifundo vinne vitano mfululizo visivyo na majani, ujue palitokea kiu kali au mafuriko chunguni. Yakifuata tena majani mapana, ujue kuna mtu aliyeona tatizo akalishughulikia.

Mlezi bora wa ua hili ninayemfahamu ni shangazi yangu, mshonaji wa nguo wa Magomeni, Dar es Salaam. Ua lake lilipandwa kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, na mjukuu huyo sasa yuko sekondari. Chungu kimekaa juu ya kigoda kirefu pembeni ya dirisha la mashariki. Mashina matatu yanapanda ukutani, yameshikwa kwa uzi wa kushonea uliofungwa kwenye misumari midogo, yanapita juu ya mlango wa chumbani, yanarudi juu ya kochi. Kila kitanzi cha uzi amekiacha na nafasi ya kidole, ili shina likinenepa lisikatwe. Kifundo kwa kifundo, kuanzia udongoni hadi nchani, pana mapengo mawili tu, na habari ya kila pengo anaijua.

"Hapa nilikwenda kijijini kuuguza," aliniambia akigusa pengo la kwanza. "Nikawaachia vijana. Masikini, wakalimwagilia kila siku."

Namsifu kwa sababu nimemtazama akifanya kazi, na nimeona kwamba muda mwingi anaoutumia kwenye ua lake hafanyi lolote kwa mikono. Anatazama. Anapita na kikombe cha chai, anasimama, anageuza jani moja kuona chini yake, anaenda zake. Akichukua chombo cha maji au mkasi, ujue uamuzi umeshafanyika siku kadhaa nyuma.

Jambo la kwanza analolitazama ni mwanga unaofika kwenye kichwa cha ua, yaani pale mashina yanapotoka udongoni. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Ua la kutambaa linapendeza likining'inia, kwa hiyo watu hulitundika juu kabisa karibu na dari, au hukipandisha chungu juu ya kabati. Dirisha liko chini yake. Mashina yanayoning'inia hupata mwanga yakipita mbele ya dirisha, lakini kichwa kinabaki gizani. Mwaka mmoja baadaye ncha zina majani mazuri, huku karibu na chungu kumebaki vijiti vitupu. Watu hudhani ua limezeeka. Halikuzeeka, lilitundikwa juu ya mwanga. Shusha chungu hadi udongo wake uwe usawa wa kioo cha dirisha, kisha mashina yapandishe au yashushe utakavyo.

Yapo na mambo mengine ya madirisha yetu ambayo vitabu vya kigeni haviyasemi. Nyavu za mbu hupunguza mwanga, na zikijaa vumbi hupunguza zaidi. Baraza pana mbele ya dirisha hufanya chumba kiwe baridi na kizuri kukaa, lakini huweza kukifanya kiwe na giza kwa mmea. Kisha lipo suala la upande. Vitabu vingi vya maua ya ndani vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo husema dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini lina kivuli mwaka mzima. Kwetu haiko hivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia takriban katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na miezi mingine yote huwa upande wa kaskazini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, huugawa mwaka karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo chungu kilichokuwa kivulini Januari chaweza kupigwa na jua Juni bila wewe kukisogeza hata kidole kimoja. Dirisha la mashariki ndilo salama kuliko yote, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. La magharibi linahitaji pazia jepesi, maana jua la alasiri huunguza jani likaacha mabaka ya kahawia yasiyopona.

Rangi nayo huamuliwa na mwanga. Ile michirizi ya manjano au nyeupe ni sehemu za jani zenye klorofili kidogo au zisizo nayo kabisa, na klorofili ndiyo inayotengeneza chakula cha mmea. Jani lenye weupe mwingi ni zuri kwa macho lakini linalishwa na majani mengine. Katika mwanga hafifu, majani mapya ya pothosi hujitokeza yakiwa na kijani zaidi na michirizi michache, na shina lililogeuka kijani kitupu hukua haraka kuliko wenzake likawafunika. Mlezi makini hulikata shina hilo mapema, akirudi hadi kwenye kifundo cha mwisho kilichotoa jani lenye michirizi. Pia huacha kutamani weupe kupita kiasi: chipukizi lililotoka jeupe tupu halina njia ya kujilisha, na halifiki mbali.

Jambo la pili ni maji. Siku moja nilimuuliza shangazi analimwagilia siku gani.

"Siku gani tena, mwanangu? Halina kalenda hilo. Hebu kinyanyue chungu."

Nikakinyanyua. Kilikuwa kizito.

"Basi kikiwa hivyo, kiache. Kikiwa chepesi utakijua bila kuambiwa."

Somo zima lilikuwa hilo, na sijaona lingine linalolizidi. Uzito wa chungu unaeleza hali ya udongo wote, wakati macho yanaona juu tu, ambako hukauka kwanza. Akitaka kuhakikisha, huchomeka kidole hadi kiungo cha pili, karibu na ukingo, mbali na mashina. Udongo ukishika kidole, hamwagilii. Anapomwagilia, humwagilia kwelikweli: maji yazunguke udongo wote, yatoke kwa chini, kisha sahani imwagwe. Kunyweshea vijiko viwili kila asubuhi ndiko kunakoua maua mengi, kwa kuwa juu panalowa na kukauka huku chini ama pakavu daima ama pametota daima.

Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukitota kwa muda mrefu hewa huondoka, mizizi hudhoofika, na vimelea vya kuozesha hupata nafasi. Dalili yake huwachanganya watu, kwa sababu mmea uliooza mizizi hunyong'onyea mithili ya ule wenye kiu, na mwenye huruma huongeza maji. Tofauti iko kwenye chungu: majani yamelegea na chungu ni chepesi, hiyo ni kiu, mwagilia na baada ya saa chache litasimama. Majani yamelegea, mengine yamegeuka manjano kwa pamoja, na chungu ni kizito, hiyo ni mafuriko. Litoe chunguni, kata mizizi iliyokuwa laini na yenye harufu, lipande upya kwenye udongo mkavu kiasi. Jani moja la zamani likigeuka manjano peke yake, liache liende zake, umri wake umekwisha. Ua hili husamehe kiu. Mafuriko halisamehe.

Ipo alama nyingine ndogo ambayo shangazi huisoma alfajiri. Siku fulani utakuta tone moja la maji limetua kwenye ncha ya kila jani, na chumbani hakuna umande. Tone hilo limetoka ndani ya mmea: usiku, udongo ukiwa umeshiba na hewa ikiwa na unyevu, mizizi husukuma maji mpaka yakatokea kwenye ncha. Si ugonjwa. Lakini likitokea mara kwa mara, mlezi ameshaambiwa kwamba anaweza kungoja zaidi kabla ya kumwagilia tena.

Maji yenyewe nayo si yote sawa. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hujikusanya chunguni kila maji yanapokauka, hadi kingo za majani zikawa kahawia. Shangazi hukinga maji ya mvua kwenye ndoo yenye mfuniko, na msimu wa mvua ukifika hukitoa chungu nje, mahali pasipo na upepo mkali, ili mvua ioshe udongo na majani kwa pamoja.

Udongo wa dukani haumridhishi, kwa hiyo huuchanganya mwenyewe: udongo mweusi wa msituni sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja. Asipopata makumbi hutia pumba za mpunga zilizounguzwa. Kipimo chake ni rahisi: akimwaga kikombe cha maji, yanazama mara moja bila kutuama juu. Chungu kina matundu chini, na akihamisha ua huchukua chungu kinachozidi cha zamani kwa vidole viwili tu, maana chungu kikubwa mno hubaki na unyevu ambao mizizi midogo haiwezi kuumaliza. Mbolea huitia kwa mkono wa birika: nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi wakati wa joto, na miezi ya baridi hatii kabisa. Kwa wenzetu wa Nairobi na Arusha hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa Julai ua karibu husimama kukua, na mbolea isiyotumika hubaki udongoni ikichoma mizizi.

Kuelewa tabia hizi zote kunakuwa rahisi ukijua ua hili lilikotoka. Asili yake ni Mo'orea, kisiwa kidogo jirani na Tahiti katika Polinesia ya Ufaransa, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Liliandikwa kwenye vitabu vya wanasayansi mwaka 1880 kwa jina la Pothos aureus, likahamishwa kutoka ukoo hadi ukoo, na mwaka 1964 likapewa jina linalotumika sasa. La zamani likabaki midomoni mwa watu. Porini halining'inii. Huanzia chini kwenye kivuli cha msitu, hutambaa mpaka likutane na mti, kisha hupanda likiushika kwa mizizi yake ya hewani. Likishapanda na kupata mwanga hubadilika lisitambulike: jani ambalo sebuleni ni la ukubwa wa kiganja huweza kufika urefu wa mita moja, likiwa limepasuka pembeni. Mjini kwetu pia utaliona likifanya hivyo, pale mtu alipolipanda chini ya mwembe na kulisahau.

Kwa hiyo ukilining'iniza, unaliomba liishi kinyume na desturi yake, nalo hujibu kwa kupunguza ukubwa wa majani kadiri shina linavyoshuka. Ukitaka majani makubwa, lipe kitu cha kupanda. Pwani tuna kitu bora kuliko vinavyouzwa kwa bei kubwa: fimbo imara iliyofungwa makumbi ya nazi, ikinyunyiziwa maji ili mizizi ya hewani ijishikize. Wakulima wa viungo wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa hili; pilipili manga zao hupanda juu ya miti hai kwa namna iyo hiyo. Na wakulima wa vanila wa Kagera hulikunja shina likifika kimo cha mkono, lirudi chini badala ya kukimbilia juu wasikoweza kulihudumia. Mmea wa kutambaa ni mmea wa kuongozwa. Ukiuachia, utafuata mwanga popote ulipo; ukiuongoza kidogo kidogo, shina likiwa bado teke, utakwenda unakotaka wewe.

Hapo tunafikia sehemu ya ustadi huu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kukata. Walezi wachanga huogopa mkasi. Wanaona mita tatu walizozisubiri kwa miaka, nao hawako tayari kupoteza hata nusu mita. Lakini ncha ya shina hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia machipukizi ya kwapani yasiamke. Maadamu ncha ipo, shina litaendelea kuwa moja, refu, lisilo na matawi. Ukiikata, chipukizi lililo karibu na mkato huamka, na wakati mwingine la pili nalo hulifuata. Bado hiyo haitoshi kujaza chungu. Chungu hujazwa kwa kurudisha vile vilivyokatwa.

Nimemtazama shangazi akifanya kazi hiyo. Anao mkasi wa maua, maana ule wa vitambaa haukati kitu kingine. Huufuta kwa pamba yenye spiriti. Hulishika shina kwa vidole viwili, hutafuta kifundo chenye kinundu cha kahawia kilichovimba, akakata chini yake kiasi cha upana wa kidole. Kipande chenye vifundo viwili au vitatu kinatosha. Jani la chini huliondoa ili lisizame majini, kisha hukitia kipande kwenye chupa ya kahawia, kwa kuwa chupa nyeupe hupitisha mwanga na kuotesha mwani wa kijani. Maji huyabadilisha kila wiki. Katika wiki mbili tatu mizizi myeupe huwa imetoka. Ikifika urefu wa kiungo cha kidole, hukihamishia udongoni bila kuchelewa, maana mizizi iliyozoea maji kwa miezi mingi hupata taabu kuzoea udongo. Na hakipandi kwenye chungu kipya: hukichomeka kwenye chungu kile kile, karibu na kichwa, pale panapotaka kuwa wazi.

Njia yake ya pili haihitaji hata chupa. Huchukua shina refu, hulirudisha juu ya udongo wa chungu chake lenyewe, hukibana kifundo kimoja kwa pini ya nywele kiguse udongo, kisha huliacha. Kifundo hutoa mizizi kikiwa bado kinalishwa na mama yake. Baada ya mwezi hivi hukata uhusiano, na chungu kimepata kichwa kipya. Majani yaliyojaa karibu na udongo ambayo wageni hudhani yamekuwapo tangu mwanzo, mengi yalirudishwa kwa mkono wake.

Kukata kuna uzito mwingine pia. Pothosi karibu haitoi maua kabisa. Mara ya mwisho kujulikana kwamba ilichanua yenyewe ikiwa imepandwa na watu ilikuwa mwaka 1964. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha sababu: jeni inayohitajika kutengeneza homoni ya jiberelini haifanyi kazi ipasavyo, na watafiti walipounyunyizia mmea homoni hiyo, ukachanua. Bila maua hakuna mbegu. Maana yake ni kwamba ua lililo sebuleni kwako halikuletwa na ndege wala upepo. Ni kipande cha ua la mtu mwingine, nalo lilikuwa kipande cha la mwingine, mkono kwa mkono, kutoka kisiwa cha Pasifiki hadi Magomeni. La shangazi alipewa na jirani aliyekuwa anahama. Yeye mwenyewe ameshagawa vipande vingi, na kila anayepewa huambiwa neno moja: kiwe na kifundo. Jani lenye kikonyo bila kifundo laweza kukaa kijani majini wiki nyingi, lakini halina chipukizi, na halitatoa shina maishani mwake.

Kazi ndogo ndogo nitazitaja kwa ufupi, ingawa nazo ni sehemu ya heshima ya mlezi. Majani hufutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji, mkono mmoja ukilibeba jani kwa chini ili lisivunjike. Huko chini ndiko wadudu weupe wenye unga wa nta hujificha, na wakionwa mapema pamba yenye spiriti inawamaliza. Watoto wachanga na paka huwekwa mbali. Ua hili ni ndugu wa magimbi, na kile kinachowasha koo ukila gimbi ambalo halijaiva, yaani fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kali, kimo pia ndani ya majani haya. Chupa na sahani za maji zisikae wiki bila kubadilishwa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji ya namna hiyo hiyo, yaliyotuama ndani na kando ya nyumba. Na mashina yaliyokatwa yasitupwe msituni wala mtoni. Nchini Sri Lanka na visiwani Hawaii ua hili limetoka bustanini likawa magugu yanayofunika mimea ya asili.

Neno moja kuhusu hewa, maana wauzaji hulitumia sana. Mwaka 1989 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mimea ya ndani, pothosi ikiwemo, hupunguza kemikali kama benzini kwenye visanduku vilivyofungwa. Sebule si kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili waliyapitia majaribio ya miongo mitatu wakakuta kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida kuingia na kutoka ndani ya jengo, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hewa safi, fungua dirisha. Ua lilee kwa sababu yake lenyewe.

Na sababu hiyo inatosha. Katika mambo mengi ya nyumbani tunaweza kununua matokeo: kochi, pazia, taa. Shina lenye majani yake yote haliuzwi popote, kwa kuwa limetengenezwa kwa mwanga wa kila siku na kwa maji yaliyongojewa, tena na mtu aliyekuwapo. Wanaolijua hilo wengi ni mama zetu, shangazi zetu na wazee wanaokaa nyumbani mchana, na maarifa yao hayajaandikwa mahali pengi. Ukikuta ua la namna hiyo kwa mtu, muulize analilea vipi, umsikilize mpaka mwisho, kisha umwombe kipande. Na siku utakayoombwa wewe, kata bila kusita, na hakikisha unachotoa kina kifundo.